Makosa Tisa ya Babu wa Fundi Cherehani

Msiniambie nipunguze sauti. Miaka arobaini na moja nimeishi na profesa wa hesabu, na sauti nimeipunguza vya kutosha.

Alipostaafu nilidhani sasa nitapata mume. Wapi! Akahamia kwenye historia ya hesabu: nani alikokotoa nini, kwa njia gani, na nani alinyimwa sifa yake. Meza ya chakula ikajaa makaratasi, tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani. Ndipo mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili, akamletea daftari la marehemu babu yake, mwalimu wa shule ya msingi. Ndani mna vipeuo vya pili vya namba moja hadi elfu moja, vyote kwa penseli. Wakubwa wa chuo walishalitazama zamani, wakasema babu alinakili kitabu cha majedwali kutoka ng'ambo. Yaani mwizi, na familia nzima ikaishi na neno hilo.

Mzee wangu alikaa nalo miaka mitatu. Akagundua kwamba kitabu hicho cha ng'ambo kina makosa manne, na babu mahali pale pale pote yuko sawa. Ila babu naye ana makosa tisa ya kwake, ya mtu aliyekokotoa kwa mkono akasahau kubeba moja. Anayenakili hakosei hivyo. Makosa hayo tisa ndiyo yalikuwa ushahidi wote. Jarida moja likamjibu: tuma picha za kurasa, tutachapisha.

Siku hizo alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho, ana bandeji usoni. Kazi ya kupiga picha akamwachia binti yetu, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Unadhani alimweleza picha ni za nini? Thubutu! Nyumba hii watu hutumwa tu, hawaelezwi.

Bandeji ilipotoka akalifungua daftari. Nilikuwa jikoni, nikasikia kiti kinaanguka.

"Nani kagusa hapa?"

"Mimi, Baba," binti akasema. "Nilikuta amekosea. Nikafuta, nikaandika jibu sahihi, nikauiga na mwandiko wake, ndipo nikapiga picha. Nisingekubali uaibike mbele ya hao utakaowatumia. Yalikuwa tisa, yote niliyapata." Alisema kwa fahari, masikini.

Mzee akapiga meza mpaka makaratasi yakamwagika. "Umenimaliza! Jedwali lisilo na kosa hata moja, watasema kanakili kitabu kingine! Nikisema makosa yalikuwepo, watasema nimeyatunga! Nani alikutuma usahihishe?"

Binti akamgeukia. "Wewe. Nikiwa na miaka minane ulinichania daftari zima kwa sababu ya saba moja niliyoikosea. Ulinifokea mpaka nikajikojolea. Tangu siku ile sijawahi kuacha kosa lipite, Baba. Sijawahi."

Siku ile nilikuwepo, na nilinyamaza. "Haya, mjibu," nikamwambia. "Si ndiye profesa? Mjibu mwanao!"

Akapiga magoti. Akaanza kuokota makaratasi sakafuni.

Hajamaliza kuokota, saa kumi jioni, fundi cherehani akabisha hodi, pini bado zimechomekwa kwenye blauzi yake. Tulishamwahidi kumrudishia daftari siku hiyo. Akalipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya namba polepole.

"Profesa, mmezihakiki zote?"

"Zote ziko sawa," binti akasema kwa sauti ya chini.

"Jamani!" Yule mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe babu hakukosea hata moja! Na wao wanamwita mwizi!"

Nikamkazia macho mume wangu. Safari hii sikuwa tayari kunyamaza, na alijua.

"Alikosea, mama," akasema, bado kapiga magoti. "Alikosea mara tisa. Yalikuwa makosa yake mwenyewe, na sisi ndio tumemwibia."