Safu ya Tarehe

Desderius wa Mugoma, karani wa daftari la waliopotezana, alikuwa mtu wa kuandika alichoambiwa. Alipolipanga daftari hilo kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ya Biharamulo, aliwauliza watu walizaliwa lini, wakamjibu: mwaka wa njaa, siku ya kukimbia, mahindi yakibeba. Basi safu ya kuzaliwa akaifanya ya maandishi, ipokee lolote.

Majina yalipofika laki mbili, huruma ile ikawa mzigo. Ukitafuta mtu, mashine ilisoma maneno ya kila mstari, wa kwanza hadi wa mwisho, na betri ya sola ilizimika kabla haijamaliza.

"Shikamoo, mama," Desderius alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kompyuta yako bado inasoma bila miwani?"

Huyo ndiye Speciose wa Runazi, aliyekuja kila Alhamisi. Mwaka 1994, siku chache baada ya kuvuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda, alipotezana na binti yake mchanga.

"Jina watakuwa wamembadilisha," alisema. "Siku yake hawaiwezi. Alizaliwa siku ya kuvuka, maharage yakitoa maua."

Kwa ajili yake Desderius akaigeuza safu ile iwe ya tarehe peke yake, kwa kuwa tarehe mashine huzipanga na kuziendea moja kwa moja. Alhamisi iliyofuata akaandika Aprili 1994. Jibu likatoka Speciose hajakaa vizuri: hakuna.

Aliitazama skrini. "Imejibu upesi mno, mwanangu. Haijatafuta."

"Imetafuta, mama. Yote."

Hakurudi tena.

Kiangazi, akipanga fomu za karatasi, Desderius alikutana na ya Nimpaye, mkulima wa huko huko Biharamulo. *Kuzaliwa: siku ya kuvuka Rusumo, maharage yakitoa maua. Nimeambiwa na walionilea.* Aliwasha kompyuta. Kwenye mstari wa Nimpaye, safu ya tarehe ilikuwa tupu. Siku ile ya kugeuza, kila kisichokuwa tarehe kilifutika, naye hakutazama nyuma.

Alipanda pikipiki hadi Runazi. Akaonyeshwa msalaba mpya na udongo ambao haujashikana.

Desderius mwenyewe alimpeleka Nimpaye kaburini. Mwanamke yule alipiga magoti, akaushika udongo, akauliza bila kugeuka:

"Alinitafuta?"

"Kila Alhamisi."

"Mkamjibuje?"

Desderius alivua kofia.

"Upesi," alisema.