Mama Kilo Hamsini na Kitabu cha Majina ya Shule

Wenzangu, aibu hii ni yangu na sitaificha, maana nusu ya Kolwezi waliiona kwa macho yao na nusu nyingine walisimuliwa kabla jua halijazama, kwa hiyo ni heri mnisikilize mimi mwenyewe, mwenye makalio yaliyohusika.

Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, na binti yangu Ngalula alikuwa ametimiza miaka saba. Mwaka uliotangulia shule ilimkataa wakisema ni mdogo. Sasa jina lake halikuwamo kwenye orodha iliyobandikwa ofisi ya zone, yaani tarafa yetu (mimi kusoma sijui, nilisomewa mara tatu), ingawa nilimwandikisha siku ya kwanza kabisa, na mwaka unaofuata wangesema amezidi umri, abaki kuuza mihogo sokoni kama mama yake. Tangazo lilisema nafasi zinafuata siku ya kujiandikisha, na wenye malalamiko waje Jumanne asubuhi. Baba yake alikuwa amepanda treni kwenda Kasaji kununua mahindi, nikaenda peke yangu.

Uani nikakuta foleni mbili, moja ndefu ya watu wenye nyuso za msiba, nyingine fupi ya akina mama wachangamfu. Kuuliza ni neno moja tu, lakini jirani yangu Mama Kabwe alikuwa kwenye ile ndefu (nikadhani ni ya kodi) na sikutaka ajue jina la mtoto wangu limekatwa, basi nikajitia mjuaji nikasimama kwenye ile fupi. Mama mmoja mwenye filimbi akanifunga kitambaa cha kijani kichwani. Sikushtuka, siku hizo hata bendera haikupanda mpaka tukiimbie Chama na kukata kiuno. Filimbi ikalia, ngoma zikaanza, tukaingia mbele ya komisere wa zone, mkubwa wetu, aliyeketi na wageni wake, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimejipanga na wachezaji.

Ningetokea wapi? Nikacheza. Na mimi nikicheza nacheza, mnanijua, nikajisahau, kitenge kikafunguka kikabaki chini, na sketi yangu ya ndani nilikuwa nimeishona kwa gunia la unga lenye maandishi ya kiwandani ambayo hayakuwa yamefutika: KILO 50, yamekaa sawasawa pale pale mnapofikiria. Ile foleni ndefu, pamoja na misiba yake, ilicheka mpaka watu wakashikana mabega.

Komisere naye alifuta machozi ya kicheko, akaniita, akauliza shida yangu. Nikamweleza yote. Akasema kwa upole, "Mama, umecheza muzuri. Mutoto yako ataingia kesho."

Ningesema asante nikaenda zangu. Lakini niligeuka nikamwona Mama Kabwe, hacheki tena, ameshika kikaratasi cha kuandikisha mtoto chenye muhuri kama changu, kumbe ile ndefu ndiyo ilikuwa ya malalamiko na wake naye amekatwa, na hasira ikanipanda.

"Hapana, Tata," nikasema, nikimwita baba kwa heshima, gunia liko wazi vilevile. "Ngalula hataingia juu ya kucheza ya mama yake. Balete kitabu ya majina, basome mbele ya bantu bote."

Karani aliyetuandikisha akaanza kukohoa. Komisere hakuweza kukataa mbele ya wageni, kitabu kikaletwa, kikasomwa kwa kufuata siku za kujiandikisha kama tangazo lao wenyewe lilivyosema. Ngalula alikuwa wa tatu, amepigwa mstari. Mtoto wa Mama Kabwe wa tisa, amepigwa mstari. Waliokatwa walikuwa watano kwa jumla, na nafasi zao zimejazwa majina yasiyo na tarehe. Wote watano waliingia darasani Jumatatu.

Basi nimeapa, sitasimama tena kwenye foleni bila kuuliza, na kitenge nafunga mafundo mawili. Kuomba radhi msitegemee. Mtaani wananiita Mama Kilo Hamsini mpaka leo, nami naitika, maana kabla mwaka ule haujaisha Ngalula aliweka kidole kwenye sketi ile ile, akanisomea mwenyewe nilichokuwa nimekivaa.