Bangili Ndani ya Kopo la Biskuti

Wiki yangu ya kwanza katika nyumba ile ya Al Warqa, Dubai, nilipigwa kwa sababu ya mafuta ya nazi. Nilikuwa nimeajiriwa kumwangalia mama yake sir, bosi wangu, bibi wa Kibengali ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa, na nilipoona nywele zake zimekauka kama makumbi nikasema moyoni, jamani, huyu ametupwa. Mimi mtu wa Vanga, pwani ya Kenya. Kwetu mzee hakai na kichwa kikavu watu wakamtazama tu. Nikapasha mafuta, nikamkalisha karibu na dirisha, nikamtia kiganja kimoja utosini. Loo! Mtu aliyekuwa hawezi kuinua kikombe cha chai alinipiga mkono mpaka kibakuli kikaruka kikagonga ukuta.

Madam, mkewe sir, akaja mbio, akacheka kile kicheko cha aibu. "Ma hapakwi mafuta," akaniambia. "Mwache tu." Kila mtu nyumbani alimwita Ma, basi na mimi nikamwita Ma. Sababu ya mafuta madam hakuisema. Niliipata kwa Ma mwenyewe, kidogo kidogo, kwa Kihindi chetu kibovu: changu nilichookota Dubai, chake alichookota kwenye televisheni.

Mumewe alikuwa mrina asali. Kwao ni Bengali ya kusini kabisa, pale mito inapofikia bahari na nchi yote ikawa mikoko na tope. Msimu wa asali ukifika, wanaume huingia msituni kwa mashua. Msitu una chui milia, na watu wa pale hawamtaji kwa jina lake, humwita mjomba. Siku mume anapoingia, mkewe huvua bangili zake za ndoa, hufuta rangi nyekundu utosini, haoshi nywele kwa sabuni, hachani wala hazifungi, hapaki mafuta. Anajifanya mjane, ili msitu umwone tayari amefiwa, usione haja ya kumfanya mjane tena. Mume akirudi, mke anachana nywele, anapaka mafuta, anavaa bangili zake, na chakula kinapikwa. Mume akifa, bangili zinavunjwa kwa jiwe.

Sasa mume wa Ma aliingia, na wenzake wakarudi bila yeye. Mmoja akasema mjomba amemchukua. Mwingine akasema hakusikia hata ukelele, labda bwana alivuka zake upande wa pili wa mpaka kwa mwanamke mwingine. Shati halikupatikana, mfupa haukupatikana. Sir alikuwa bado mtoto wa kubebwa. Ma akamchukua, akaenda kukaa kwa kaka yake Kolkata, akamsomesha mpaka akawa injinia, na nywele zake hazikuonja mafuta tena.

Bangili zilikuwa ndani ya kopo la biskuti chini ya mto wake. Mbili, nyeupe, zimechongwa kwa kombe la baharini, nyembamba mpaka unaogopa kuzishika. Siku ya harusi, aliniambia, walimsugua mikono kwa sabuni na kumvuta vidole mpaka akalia, ndipo zikapita. Hakuzivaa tena, na hakuzivunja. Alikula samaki, jambo ambalo mjane wa kwao wa zamani hafanyi, lakini utosi wake haukuwa na rangi. Hakuwa mke wala mjane. Na alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa: apelekwe kwenye ukingo wa ule msitu, azivunje bangili pale pale, alie kilio chake, khalas.

"Msimu wa baridi ujao, Ma, inshallah," sir alimwambia kila mwaka. Mhindu yule, lakini inshallah yake ilikuwa ya Dubai kabisa, ile ya kukufungia mlango huku anatabasamu. Nilikuwa nikimsimulia shoga yangu Mganda, aliyefanya kazi nyumba ya jirani, tukikutana nje kutupa taka. "Huyo sir wako si mchoyo," akasema. "Anaogopa. Mama akizivunja, baba amekufa." Nikamwambia wewe ungekuwa mganga, si mfanyakazi wa ndani. Lakini alisema kweli, na mimi nilimkasirikia sir vilevile.

Katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi Ma akaanguka bafuni, na daktari akazungumza na sir mlangoni kwa sauti ya chini. Desemba ile tukapanda ndege. Nilipewa viza kwa ajili ya kumsukuma Ma kwenye kiti chake cha magurudumu, na kopo la biskuti nilibeba mimi kwenye mkoba wangu, kwa sababu Ma hakuliamini sanduku.

Nilidhani tutakwenda moja kwa moja msituni. Thubutu! Sir alikuwa na ratiba. Binti yake, mtoto wa miaka minane aliyezaliwa Dubai, lazima aone Kolkata. Basi tukazungushwa. Tukaona daraja la chuma, tukaona posta kubwa yenye kuba, tukaona makaburi ya Waingereza wa zamani, yamejengwa kama vijumba na yameota ukungu mweusi, kila maiti na jina lake na sifa zake. Baridi ilikuwa ya kunyonya mifupa na moshi umetanda juu ya mji mzima. Ma alikohoa. Kila asubuhi aliniuliza, "Leo?" na kila asubuhi nilimwambia, "Leo bado, Ma."

Siku ya tatu tukapelekwa kwenye jumba la marumaru nyeupe walilomjengea malkia wa Kiingereza alipokufa. Jumba hilo ni kubwa, wallahi, unaweza kuingiza Vanga nzima ikabaki nafasi ya soko. Sir akamweleza binti yake kwa Kiingereza kwamba malkia huyo hakuwahi hata kukanyaga India, na kwamba alipofiwa na mumewe alivaa nguo nyeusi maisha yake yote yaliyobaki. Ma akanivuta mkono. "Anasema nini?" Nikamfasiria.

Akaitazama sanamu ya yule mama.

"Mumewe alikuwa na kaburi?"

"Nadhani alikuwa nalo, Ma. Mume wa malkia hakosi kaburi."

"Basi huyo alistarehe," akasema, akageuza uso.

Nilichukia. Nilichukia marumaru ile yote iliyobebwa kwa ajili ya mtu asiyefika, na mrina asali hana hata ubao wa jina lake. Jioni nikamwambia madam bila kuzunguka: mama huyu anaisha, mkichelewa mtampeleka ndani ya sanduku. Usiku nilimsikia akizozana na sir, na asubuhi gari lilikuwa nje.

Tulisafiri nusu siku. Tulipita mji mmoja mdogo ambako Waingereza walitaka kujenga bandari kubwa ikawashinda, na nyumba ya bwana wao bado imesimama, madirisha yametumbuka, mti umeota ukutani. Kisha barabara ikaisha, tukavuka kwa boti, na mikoko ikaanza. Mimi nimekulia kwenye mikoko, harufu ya tope lake naijua kama harufu ya jikoni kwetu. Lakini yetu watoto huingia kuokota kaa. Ile ya kule ilikuwa na wavu wa nailoni umetandazwa kilomita na kilomita ukingoni, ili mjomba asivuke kuja vijijini.

Tulifikia nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo ya mto, uso kwa uso na msitu. Karibu na gati palikuwa na kibanda chenye sanamu ya Bibi wa Msitu, ambaye Wahindu na Waislamu wa pale wote humwomba kabla ya kuingia. Ma akamwinamia. Akaniagiza nitafute jiwe, nikampatia kipande cha tofali. Akasema ni kesho asubuhi.

Kesho yake asubuhi sir akataka kwanza waende kuzuru hifadhi. Boti ilikuwa imekwisha kukodiwa, askari wa wanyamapori amekuja, mtoto ameshavaa kofia. Kiti cha Ma kisingeweza kushuka zile ngazi zenye tope. "Tutarudi saa nane, Ma, halafu tutafanya jambo lako pamoja," akasema. Ma akamshika kola ya shati. Alisema maneno mengi kwa Kibengali, na sir akawa anacheka, anamtoa vidole kimoja kimoja, kwa upole. Boti ikaondoka. Ilipoingia tu kwenye mdomo wa mkondo na kupotea, Ma akainua mikono, akafungua fundo la nywele zake, zikamwagika mabegani.

Nikamletea chai, akakataa. Wali, akakataa. Nikauliza kama tuzivunje bangili sisi wawili kwa utulivu, akanitazama kama nimemtukana. Mwanawe yumo ndani ya msitu. Hakuna anayeomboleza hali mtu wake yumo ndani.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Mpishi wa pale alikuja gatini mara mbili, akatazama, akarudi jikoni, na simu ya sir ilikuwa haipatikani. Ukungu ukashuka. Ma alikuwa akitetemeka ndani ya blanketi, anarudia jina la mwanawe, kisha nikasikia jina jingine nisilolijua, na nikafahamu kuwa ni la mume. Alikuwa ameyachanganya, au labda hayakuwahi kutengana. Niliogopa, sikufichi. Niliogopa atanifia pale.

Nikatazama mto. Ulikuwa umekupwa kabisa, tope limetoka nje linang'aa, na mie mtoto wa tope nikaelewa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono. "Ma, nisikilize. Wamekwama tu. Boti imekaa kwenye tope. Maji yakijaa watarudi."

"Maji yakijaa watarudi?"

"Naapa, Ma. Kwetu hutokea kila siku. Maji yakijaa watarudi."

Ningesema nini kingine?

Magharibi ikiingia tukasikia injini. Walishuka wamejaa tope, mtoto anapiga kelele kwamba wameona nyayo za chui milia, madam analia na kucheka pamoja. Sir akapanda ngazi mbio. "Tulikwama, Ma! Mkondo ulikauka chini yetu! Tukakaa tu kungoja maji!" Ma akampapasa uso, masikio, kifua, kama mnunuzi anayekagua kitambaa. Kisha akanigeukia.

"Lete mafuta, binti."

Nilikuwa na kichupa changu cha mafuta ya nazi. Nilimpaka pale pale gatini, taa ya mpishi ikituangaza, na nywele zile zikayanywa mafuta mpaka chupa ikaisha. Nikamchana. Nilikuwa na furaha, Mungu ananiona, nilidhani kesho litakuwa jambo rahisi.

Asubuhi nikampeleka ukingoni na kopo na kile kipande cha tofali. Sir alisimama nyuma yetu, uso umempauka. Ma akazitoa bangili, akaziweka mapajani, akautazama msitu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye majani ya mikoko. Akakaa. Sir akaanza kukohoa kikohozi cha mtu asiyejua la kufanya, mwishowe akaondoka. Ma akanivuta karibu.

"Umeona mwenyewe," akaniambia. "Mtu huchelewa. Kisha hurudi." Akazirudisha bangili ndani ya kopo, akalifunga.

Tukarudi Dubai. Nyumba ilikuwa ile ile, kiyoyozi kile kile, bustani ya mawe na mitende miwili. Ma hakutaka tena mafuta. Mahali pake pakawa kwenye dirisha linalotazama geti, na kila alasiri aliniuliza, "Maji yamejaa?" Al Warqa ni mchanga mtupu, maji yako wapi? Nami nilimjibu, "Bado, Ma." Shoga yangu Mganda akasema nimwambie ukweli. Nikamfokea, ukweli upi, wewe unaujua? Siku za kwenda hospitali dereva alipita barabara ile ya Ras Al Khor, ambako kuna mikoko kidogo na flamingo wamesimama majini, na Ma aligandisha uso kwenye kioo mpaka tulipopita. Sir, aliyeketi mbele, hakugeuka nyuma. Yeye hakuwa na habari ya lile neno nililolisema gatini, na sikumwambia.

Alikufa kabla joto halijarudi, kwenye kiti chake, uso umeelekea geti. Yalipokwisha mambo ya polisi na hospitali, tukaruhusiwa kumvalisha. Madam alikuwa amenunua sari nyeupe, ya mjane. Sir akaishika ile sari, akaitazama, halafu akaniuliza mimi, mfanyakazi wake, kwa sauti ya mtoto.

"Siku ile ukingoni nilikukimbieni. Alizivunja?"

"Hakuzivunja, sir."

Akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akalia mpaka madam akatoka kwenda kutafuta sari nyingine, nyekundu, ya mke. Mimi nikafungua kopo. Nilikuwa nimekuja na sabuni na bakuli la maji, maana niliyakumbuka maneno yake ya siku ya harusi. Sikuhitaji. Alikuwa amekonda mno, na bangili zote mbili zilipita vidole, zikapita kiganja, zikafika mpaka kwenye kiwiko.