Nyimbo za Unyago za Bibi Yangu Zimefika Kijiweni

Admin, jina langu lifiche, ila maneno usiyapunguze. Nina hasira.

Nina miaka thelathini na moja, naishi Rasbura, Lindi. Nafanya kazi kwenye ofisi inayohifadhi sauti za wazee kwenye kompyuta. Bibi yangu wa Pande ni kungwi. Amewacheza wali, yaani wasichana waliovunja ungo, tangu wakati wa vijiji vya ujamaa, watu walipohamishwa na koo zisizojuana zikajikuta zinacheza unyago mmoja. Nyimbo za wakati ule amebaki nazo yeye tu, wenzake wametangulia mbele ya haki. Alikubali nimrekodi kwa sharti moja: mwanaume asisikie.

Kompyuta tunaitumia wote. Kwa hiyo nilitaka skripti, yaani maagizo ambayo mashine inayatekeleza yenyewe, iwe inafunga kila faili la bibi lifunguliwe na sisi wanawake tu. Nikatafuta mwongozo mtandaoni mpaka macho yakauma, kila ukurasa unaeleza mfumo usio wetu. Nikamwomba fundi wetu, huyo Bwana Mjuaji, anionyeshe pa kusoma.

"Dada, haya si mambo ya jikoni," akanijibu. "Niachie mimi."

Akaandika yeye, akatoa ruhusa kwa kila mtu! Eti asisumbuliwe na watu wa kuomba kufunguliwa. Na sharti la bibi nilimwambia kwa kinywa changu. Wanaume wa ofisini wakasikiliza, wakacheka, na mmoja wao wa hukohuko Pande akaenda kuziimba kwenye kijiwe cha kahawa cha kwao. Mwanaume mzima, hana haya.

Nilipokwenda kwa bibi, shikamoo yangu hakuiitikia. "Umenivua nguo mbele ya wakwe," alisema. "Kazifute." Na ameapa haimbi tena.

Mwongozo nimeshaupata. Kumbe ulikuwa ndani ya kompyuta ileile, unaandika amri moja unasoma. Nimefunga mafaili yote. Lakini humohumo nimesoma kwamba mwenye akaunti kuu hazuiwi na kufuli la mtu yeyote, na akaunti hiyo anayo huyohuyo fundi. Bosi kasema hamnyang'anyi fundi akaunti kwa ajili ya ngoma za wanawake, na nikizitoa rekodi ofisini mimi ni mwizi.

Nikifuta, siku bibi akifa na nyimbo zimekufa. Nisipofuta, bibi sina, na yule mshenzi anafungua akitaka.

Nifute? Kina mama mliochezwa, nijibuni ninyi. Wanaume nyamazeni, mmeshasikia ya kutosha.