Betri za Husna na Setilaiti ya Chuo

Husna Abdulkadiri hakusoma chuo kikuu, na chuo kimoja hapa mjini kimejitahidi sana asilisahau hilo. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akifufua betri Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Alianza kwa kumfagilia karakana fundi mmoja wa Ilala aliyeamini mwanamke hawezi kuchomelea. Siku hizi fundi huyo humletea betri zilizomshinda. Meza yangu ya kava za simu imegusana na yake, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Mwaka jana alikuja Daktari Elimringi wa chuoni, kakumbatia boksi la seli za betri. Yeye na wenzake walikuwa wanaunda setilaiti ndogo, haizidi mkate. Seli walizoagiza nje zilichelewa, wakanunua hizo Kariakoo kwa sababu lebo iliahidi nguvu mara tatu ya kawaida. Watafiti wanne, shahada kumi na mbili, walisoma lebo wakaamini. Zilizima ndani ya dakika moja.

Husna hakushika hata mita ya kupimia umeme. Aliazima mizani ya jirani muuza iliki, akaweka seli moja.

"Nyepesi hii, Daktari. Wamejaza unga."

"Unga gani?"

"Sijaonja."

Akamtafutia seli za kweli. Wiki mbili nzima alizichaji, akaziacha zitulie, akazipima, akaoanisha zenye nguvu sawa, maana moja ikiwa dhaifu huzivuta zote chini. Mwishowe akaziunga na kuzifunga kwa plastiki yeye mwenyewe, kwani wasomi waliogopa kuziunguza. Daktari aliandika kila kitu kwenye daftari.

Husna aliomba jambo moja tu, jina lake liwemo kwenye ripoti.

"Binti yangu Fatuma anawaambia wenzake nauza urembo. Anaionea aibu kazi hii. Nataka asome mwenyewe."

"Hilo halina shida, dada yangu," alisema Daktari.

Ripoti ikatoka. Husna alikuwa amegeuka "mbinu mpya ya kuoanisha seli iliyobuniwa chuoni". Shukrani zilijaza kurasa mbili, wakiwemo dereva na aliyepika chapati za mkutano. Iliniuma mimi, sembuse yeye. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Angalau meza ilifaidika na utafiti.

Setilaiti ikarushwa. Mwezi uliofuata Daktari alirudi anang'aa, betri inafanya kazi vizuri kuliko walivyotarajia, akamletea Husna zawadi ya kofia yenye nembo ya chuo. Fatuma alikuwepo, amefuata ufunguo wa nyumba, macho kwenye simu.

"Daktari, ile betri mliifungua?" Husna aliuliza.

"Hapana. Tungeifungua, tungerudia vipimo vyote."

"Sawa. Maana chini ya ile plastiki kila seli nimeiandika kwa maka peni, Husna Abdulkadiri, Mtaa wa Aggrey. Naandika za wateja wote, mtu asije akanirudishia isiyo yangu."

Daktari akatazama juu, sijui alitegemea kuona nini zaidi ya nyaya za umeme. Fatuma akaishusha simu.

"Iko huko juu, mama? Jina letu?"

 Husna alimrudishia Daktari kofia yake.

"Waranti miezi mitatu," akamwambia. "Ikizingua, uilete."