Taya la Baba

Baba alianguka mchana, dukani kwetu Mchafukoge, katikati ya majora ya vitenge. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, bidhaa za Dubai zimejaa hadi mlangoni. Shangazi akamwekea kiganja puani. Hapakuwa na pumzi.

"Mfumbe macho, mwanangu, kabla hajakakamaa."

Kwetu mtu akikata roho hufumbwa macho na kufungwa taya upesi, asibaki ameachama. Mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa. Nikamfumba, kope zilikuwa bado na joto. Kisha nikachana kipande cha kitenge, nikamfunga taya, fundo juu ya utosi, kama nilivyowaona wakubwa wakifanya. Nilijiona hodari, Mungu anisamehe.

Dakika mbili hazikuisha, jirani yetu wa ghorofani, mama wa Kihindi aliyewahi kuwa nesi, akashuka mbio baada ya kusikia vilio.

"Nani amemfunga huyu?" akafoka.

Akakikata kile kitambaa kwa mkasi wetu wa dukani, akampulizia Baba mdomoni, akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili, akihesabu kwa Kigujarati. Nikasikia ubavu ukivunjika. Shangazi akamvuta sari: "Mwache! Unamuumiza maiti!" Hakuacha. Nami, nasema kweli, nilitamani ashindwe, maana akifaulu, basi nilikuwa nimemfunga taya mtu aliye hai.

Baba akavuta pumzi kwa mkoromo ambao sijausikia tena kwa binadamu.

Aliporudi kutoka hospitali, wateja walimpa shikamoo kutoka mlangoni. Chenji walisubiri aiweke mezani ndipo waichukue, wasiguse vidole vyake. Mmoja alimtazama miguuni kuona kama bado ana kivuli.

Siku hizi hata maofisini watu wanafundishwa kukandamiza kifua, na kuna mashine ya kuushtua moyo. Sisi hatukujua. Ndivyo nilivyojitetea moyoni mwezi mzima, nikiogopa asije akaniuliza. Hakuuliza. Alasiri moja tulikuwa wawili tu, tunakunja vitenge.

"Ule mkono ulikuwa wako," akasema. "Niliuona unanijia usoni."

"Baba, tulidhani umeshakufa."

"Najua." Akaendelea kukunja, hata hakuniangalia. "Nilikuwa nakuita, mwanangu. Nakuita kwa jina, wewe unanifunga mdomo."