Meli haiendi popote: karakana ya Jytte ndani ya trela la farasi

Saa mbili asubuhi, Jytte Kragelund amelala chali chini ya trela la farasi, anagonga kutu kwa nyundo huku akitukana. Mvua ya Vejrhavn, mji wetu wa wavuvi, inapiga ubavuni. Kinachoonekana ni viatu vyake vya mpira tu.

"Nani huyo?" anauliza kutoka huko chini. "Kama ni Preben, mwambie nimekufa!"

Si Preben. Ni mwandishi, na vikombe viwili vya kahawa. Jytte anajivuta nje, uso umejaa kutu, anapokea kikombe bila hata kunawa mikono.

"Kesho wanaishusha meli," anasema. "Kesho! Na mimi bado nanuka kinyesi cha farasi."

Jytte, mwenye umri wa miaka 61, ni fundi wa meli ndogo zinazoning'inia makanisani. Pwani hii yote kila kanisa lina yake, imefungwa kwa mnyororo darini, omo, yaani upande wa mbele, ikielekea madhabahuni. Zilichongwa na mabaharia wakazitoa sadaka. Kamba zikioza au mlingoti ukilegea, anaitwa Jytte, kama alivyokuwa akiitwa mzee aliyemfundisha kazi.

Karakana yake ilikuwa banda jeusi la lami pale bandarini. Kisha kampuni moja ikanunua gati zima. Kodi ikapanda mara tatu. Jytte akabana matumizi, akalipa. Ndipo wakamwambia kelele za msumeno wake haziendani na mazingira.

Mazingira gani, jamani? Ya bandari! Bandari ambayo tangu iitwe bandari watu wamepasua mbao na kuchemsha lami!

Leo banda lile ni nyumba ya likizo, vioo toka juu hadi chini, na wenyewe huja wiki tatu kwa mwaka. Dirishani wameweka meli ya mapambo. Ya plastiki. Ya dukani.

"Nilipoiona nilisimama pale nikacheka kama mwehu," anasema Jytte. "Halafu nikalia. Wamemfukuza fundi wa meli ili waweke sanamu ya meli. Hebu niambie, huo ni uungwana?"

Si uungwana. Na sisi wengine wa Vejrhavn tulikaa kimya, tukisema ndio dunia ilivyo sasa.

Alihamia jikoni kwake. Gundi ikakaa kando ya mkate mweusi, foromali, ile miti ya kutandia tanga, zikaning'inia juu ya jiko, vumbi la msasa likaingia kwenye siagi. Baraza la kanisa likapata habari. Mwenyekiti wake, Preben Kjærulff, muuza rangi mstaafu, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikuja akaangalia, akatikisa kichwa.

"Jytte, mwenzangu, huku ni jikoni," alimwambia.

"Ni jikoni, ndiyo. Umejuaje?"

"Hatuwezi kuileta Ndugu Wanne jikoni."

Ndugu Wanne ndiyo meli ya kanisa la Vejrhavn. Baraza likaamua ipelekwe mjini, kwa kampuni ya kutengeneza vitu vya kale, ndani ya sanduku, ndani ya gari. Yaani kana kwamba hawakuona yaliyoipata meli ya jirani zao wa Lysnæs. Ile iliondoka na milingoti mitatu iliyolegea, ikarudi na mitatu iliyovunjika, imefungwa kamba za nailoni zinazong'aa kama za kuanikia nguo.

Hapo ndipo hasira ya Jytte ilipopata kazi ya kufanya.

"Nikawaambia, meli haiendi popote. Kama haiwezi kuja kwangu, mimi nitakwenda kwake, na karakana yangu mgongoni."

Preben alikubali kwa shingo upande. Jukwaa la kuishushia meli lilikuwa limekwisha kukodiwa, na gari la mjini pia. Karakana ikiwa tayari siku ya kuishusha, kazi ni ya Jytte. Isipokuwa tayari, sanduku.

Mkulima mmoja alimpa trela lililokuwa likioza nyuma ya zizi. Jytte alibandua sakafu iliyolowa mikojo, akaweka mpya. Akajaza sufu ya kondoo ukutani ili mbao za kale zisipigwe na baridi. Akafunga benchi upande mmoja, jiliwa la kubania mbao mwisho wake, patasi na randa kwenye mikanda ya ngozi zisiruke barabarani. Katikati akatengeneza kitanda cha kulalia meli, kwa vipimo vya Ndugu Wanne, kimetandikwa blanketi.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Watu wameuliza. Wengine wamemwita mkaidi, na mmoja bungeni pale, maana yake meza ya kahawa ya duka la samaki, alimwita kichaa wa midoli.

Baba yake Jytte, Holger, alikwenda kuvua chewa Februari moja, Jytte akiwa na miaka tisa. Hakurudi. Halikuokotwa hata boya. Wenzake Jytte wakienda makaburini na maua, yeye alikuwa hana pa kwenda. Mama yake alimkalisha kanisani, safu ya nne, akamwambia tazama juu.

"Wewe unamtembelea baba yako ardhini," Jytte ananiambia. "Mimi namtembelea kwa kuinua shingo. Na si mimi peke yangu, kanisa lile limejaa watu wenye shingo kama yangu. Halafu mtu anakuja na sanduku!"

Anatupa masalia ya kahawa kwenye nyasi, anarudi chini ya trela.

Siku iliyofuata mvua imekatika. Trela limeegeshwa chini ya ukuta wa kanisa, limepakwa rangi ya kijani, mlango wazi. Hatua chache kutoka hapo, gari la mjini linasubiri injini ikiwaka. Dereva, Torkild, kijana mnene mwenye soseji mkononi, ameegemea boneti.

Wanaume wanne wanatoka kanisani wamebeba Ndugu Wanne, Preben kando yao akiwaelekeza. Wanatembea kama watu waliobeba jeneza. Mkuku wake, ule uti wa chini, ni mkubwa kuliko kawaida, maana ilichongwa itazamwe toka chini. Jytte anatembea kinyumenyume mbele yao, mikono imenyooka.

"Polepole. Kulia. Nimesema kulia, Preben, au umesahau mkono wako wa kulia ni upi?"

Tezi, upande wa nyuma, inaingia. Ubavu unaingia. Kisha meli inagoma. Mti mrefu unaochomoza mbele ya omo, pua yake, uko nje ya mlango wote, na mlango hauwezi kufungwa.

Preben anachungulia mlangoni.

"Ulipima?" anauliza Preben.

"Nilipima!"

"Urefu gani?"

"Mita moja na sentimita sitini, nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma."

"Na pua je?"

"Pua si urefu!" anafoka Jytte. "Tangu lini pua ikawa urefu? Hakuna fundi wa meli anayepima pua!"

Ni kweli. Hapa kwetu meli hupimwa kiunzi chake, na kila mtoto wa bandari anajua hivyo. Muuza viatu angepima toka ncha hadi ncha. Ila Jytte amezaliwa pwani, amepima kipwani, na sasa ana meli iliyobaki na pua nje mbele ya watu wote.

Mtu anacheka. Preben anajifuta jasho, anaangalia lile gari.

"Jytte, pole sana. Tulikubaliana. Karakana haijawa tayari."

"Shikilieni," anasema Jytte kwa wale wabebaji. "Asiweke mtu chini. Igeuzeni, omo itangulie."

Anachukua msumeno ukutani, anazunguka mbele ya trela, pale juu ya chuma cha kufungia gari. Trela alilolisugua kwa miezi mitano, rangi haijakauka vizuri. Anaweka meno ya msumeno kwenye ubao na kuanza kukata.

"Mungu wangu, unaliharibu!" Preben anapiga kelele.

"Chagua, Preben! Nivunje trela au wao wavunje meli!"

Mmoja wa wabebaji anasema hawezi tena. Hapo Torkild anameza kipande cha mwisho cha soseji, anajifuta vidole kwenye suruali, anakuja kuweka bega lake chini ya omo.

"Wewe umelipwa kuipeleka mjini," Preben anamkumbusha.

"Ile ya Lysnæs ni mimi niliyeipeleka," anasema Torkild. "Waliniletea sanduku limeshapigiliwa misumari. Hawakuniambia kuna nini ndani. Nikapita njia ya mashimo. Halafu lawama zote kwangu. Mama, kata huko, mimi nimeshika."

Ubao unaanguka. Ndugu Wanne inaingia taratibu hadi ilale kitandani, na pua yake inatokeza mbele ya trela, juu kabisa, kama mtu anayechungulia dirishani. Mlango wa nyuma unafungwa. Preben anakwenda kwenye lile gari, anazima injini mwenyewe.

Kazi imeanza siku hiyohiyo. Jytte anakadiria itakwisha kabla ya Pentekoste. Tundu amelijengea kijisanduku cha mbao ili mvua isiingie.

Jumapili, baada ya ibada iliyosaliwa chini ya mnyororo mtupu, watu hawakwenda nyumbani. Walisimama foleni trelani. Wa kwanza alikuwa Ragnhild Bundgaard, mjane wa miaka 84, ambaye bahari ilimchukulia mume na kaka kwa mpigo mmoja. Jytte alimshika mkono, akampandisha.

Bibi alisimama muda mrefu akitazama sitaha. Hakuwahi kuiona. Hakuna aliyewahi kuiona, sisi sote tumekua tukitazama tumbo la meli tu.

"Kumbe kuna mlango," alisema Ragnhild, akagusa kwa kidole kijumba kidogo cha jikoni nyuma ya mlingoti mkuu. "Na dohani. Jytte, mwanangu, kumbe walikuwa na pa kuotea moto?"

"Walikuwa napo, mama."

Ragnhild akakaa kwenye kigoda cha Jytte, akalia kwa sauti, akakataa leso.

Mpango wa Jytte sasa ni kulivuta trela hilo hadi Lysnæs mwezi wa tisa, akazing'oe zile kamba za nailoni, kisha aendelee kanisa kwa kanisa hadi mwisho wa pwani. Na kila atakapoegesha, mlango utakuwa wazi kwa anayetaka kupanda. Nilimuuliza itakuwaje mabaraza ya huko yakimkatalia.

"Wanikatalie mbele ya wajane wao," alisema, akaendelea kupiga msasa.